Mifugo Isiyo na Kwato

Shija Bundala aliamka kabla ya baba yake, kama kawaida. Alijifunga kitenge juu ya sweta ya shule, akachukua ndoo, akaenda zizini. Mwezi wa saba baridi ya Ufipa haina huruma. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, na vidole vyake vilikuwa vigumu mpaka aliposhika chuchu za ng'ombe zenye joto. Alikamua, akachuja maziwa, akayamimina kwenye dumu ambalo baba yake angelipeleka misheni kwa baiskeli. Kisha akala kiporo cha ugali na maziwa mgando. Alikula peke yake, amesimama jikoni.

Baba yake, mzee Bundala, hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu asiyeongea. Siku nyingine maneno yake yote yaliishia kwa ng'ombe. Jioni alikula nje kwenye moto wa wanaume, kwa sababu ndivyo Wasukuma wa umri wake walivyolelewa. Wanaume hula kwenye moto wao nje, wanawake hula jikoni. Lakini katika boma lile mwanaume alikuwa mmoja na mwanamke alikuwa mmoja. Kwa hiyo kila jioni watu wawili walikula mbalimbali, kila mmoja na sahani yake, na ukuta wa udongo katikati.

Haikuwa hivyo zamani. Walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakakaa miaka kadhaa katika bonde la Ziwa Rukwa, kisha wakaondolewa huko kwa ugomvi wa malisho. Mama yake alifariki Shija akiwa darasa la kwanza. Kaka zake mapacha walibaki bondeni kuchunga kundi la mjomba. Aliyemlea ni dada yake, Minza. Minza ndiye aliyemnyoa nywele, aliyemfundisha kukamua, aliyelala naye kitanda kimoja. Halafu Minza akaolewa, na mume wake akaswaga ng'ombe hadi Kilwa, upande wa pili wa nchi, kando ya bahari. Shija na baba yake wakapanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa na ng'ombe wachache waliobaki, wakajenga pembeni mwa kijiji kimoja jirani na Kaengesa.

Shuleni Shija alikuwa darasa la sita. Wenzake walikuwa Wafipa waliojuana tangu siku za kubatizwa. Darasani walizungumza Kiswahili. Wakati wa mapumziko walirudi kwenye Kifipa, wakacheka, na Shija akakaa karibu na bomba la maji akijifanya ana kiu. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana sana. Walimwacha tu. Kuachwa kunauma kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Siku nzuri ilikuwa Jumapili. Jumapili jioni baba yake alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao, akampigia Minza simu. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo wote wawili walisikia.

"Shija, mhola?" Minza alisalimia kwa Kisukuma.

"Mhola duhu, dada. Unarudi lini?"

Aliuliza hivyo kila Jumapili. Minza alijibu kila Jumapili kwamba si sasa. Ng'ombe wa mume wake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na yeye akajiunga na kikundi cha akina mama wanaofuga chaza. Chaza ni mnyama wa baharini anayeishi katikati ya maganda mawili magumu. Akina mama wale waliwaning'iniza chaza wadogo kwenye kamba ndani ya maji, wakawatunza mpaka wakue, kisha wakawauza.

Mzee Bundala hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Mifugo gani isiyo na kwato?" aliuliza.

"Haina hata pembe, baba."

"Inalia?"

"Hailii."

"Sasa ikiumwa utajuaje?"

Kwa kawaida Minza alicheka hapo. Jumapili ile hakucheka.

"Inaumwa, baba," alisema. "Wadogo wanakufa. Maganda yao ni mepesi, ukiyabana kwa vidole yanameguka. Walikuja wataalamu wakapima maji. Wamesema joto la bahari limezidi, na maji yenyewe yameanza kuwa na uchachu. Msimu huu ukiisha hivi, kikundi kinavunjika. Nitafunga mizigo nirudi nyumbani."

Mzee Bundala alitikisa kichwa kwa masikitiko. Shija aligeuka upande wa pili, akajifanya anatazama ng'ombe. Hakutaka baba yake aone kwamba alikuwa anatabasamu.

Wiki hiyo mwalimu Enock, aliyefundisha sayansi, aliingia darasani na glasi na ndimu.

"Leo tunaona asidi inavyokula kitu kigumu," alisema. "Nani amekuja na ganda la yai? Niliwaambia juzi."

Hakuna aliyekumbuka. Shija alisita, kisha akanyoosha mkono. Ndani ya begi lake alikuwa na ganda la chaza ambalo Minza alimtumia kwa mtu aliyekuwa anasafiri hadi Laela.

"Mwalimu, mimi nina ganda la chaza."

"La nini?"

"Chaza. Wa baharini. Dada yangu anawafuga."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Timoth, kijana wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kukosa neno, akapaza sauti. "Msukuma hawezi kukaa bila kufuga! Akikosa ng'ombe anafuga konokono!"

"Asubuhi anawapeleka malishoni?" akadakia mwingine.

"Anawapigia mluzi!"

Hata Hellena, msichana mpole aliyekaa dawati la mbele, alijifunika mdomo kwa daftari.

"Kelele," alisema mwalimu Enock. Alivunja kipande cha ganda, akakitia kwenye glasi, akakamulia ndimu. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. "Sogeeni. Mnaona? Ganda hili limetengenezwa kwa kitu cha jamii ya chokaa. Asidi inalila."

Halafu akaeleza. Kila kinachoungua hutoa hewa ukaa, iwe mafuta ya gari, makaa ya mawe, msitu au nyasi. Sehemu ya hewa hiyo hubaki angani, sehemu huingia baharini. Ikikutana na maji hufanya asidi. "Bahari haijawa kama ndimu," alisema. "Imesogea kidogo tu upande wa uchachu. Lakini kwa viumbe wanaojenga maganda, kidogo hicho kinawatosha kuteseka. Hasa wakiwa wachanga."

Shija alinyoosha mkono tena. "Mwalimu, moshi wa huku kwetu unafika mpaka Kilwa?"

"Unafika. Hewa haina mpaka wa mkoa. Ukichoma nyasi hapa Ufipa, ile hewa ukaa inazunguka dunia nzima."

Kengele ikalia. Mwalimu Enock akafuta ubao na kutoka. Somo lilibaki nusu, na Shija akaondoka na ile nusu.

Njiani kwenda nyumbani aliipanga kichwani. Moshi huingia baharini. Bahari huwa chachu. Chaza hufa. Kikundi huvunjika. Minza hurudi. Alipanga mara nyingi na kila mara ilikaa sawa. Ulikuwa mpango mbaya, na ulikuwa wa kijinga pia, lakini ndio mpango pekee aliokuwa nao.

Ijumaa baada ya shule alipeleka ndama kwenye kilima kilicho nyuma ya boma lao. Mfukoni alikuwa na kiberiti cha jikoni. Nyasi za kilima kile zilikuwa ndefu, kavu, rangi ya simba. Ndizo zilizokuwa malisho ya ng'ombe wa kijiji mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Shija alikuwa ameona wachungaji wakichoma nyasi kuukuu bondeni. Lakini wale walikuwa wengi, na kwanza walikata njia ya kuzuia moto. Yeye alikuwa peke yake, na alichotaka ni moshi tu. Alichagua mahali karibu na mwamba, akainama, akawasha.

Moshi ulipanda, na yeye akautazama ukielekea juu. Kwa muda mfupi alifurahi. Kisha upepo ukageuka.

Upepo wa uwandani mwezi wa saba hauchezi. Moto uliruka mwamba kana kwamba mwamba haupo. Shija alivua sweta akapigapiga, akaunguza mkono wa sweta, akaona hawezi. Akawaswaga ndama mbio hadi bomani. Hakuita mtu. Alijifungia jikoni, akasikia kengele ya kanisa ikigongwa bila mpangilio, na watu wakikimbia wakipigiana kelele kwa Kifipa.

Walipiga moto kwa matawi mpaka jua likazama. Kilima chote kiliungua. Ziliungua pia nyasi za kuezekea ambazo bibi Dominika, nyanya yake Hellena, alikuwa amezikata na kuzipanga kwa ajili ya jiko lake. Zaidi ya hapo moto haukwenda, kwa sababu ulikutana na shamba la bibi huyo. Wafipa wengi wa zamani hawachomi nyasi za shamba. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini, wanazipindua chini juu na kuzifunika, wakafanya matuta ya mviringo wanayoyaita ntumba. Nyasi huoza humo ndani na kuwa mbolea ya ulezi. Moto ulifika pale, ukakuta udongo mtupu, ukafa.

Mzee Bundala alirudi uso ukiwa mweusi kwa masizi. Alikaa kwenye jiwe akakohoa kwa muda mrefu.

"Mjinga gani amefanya hivi?" alisema. "Ng'ombe watakula nini?"

Shija alimpa maji ya kunawa. Siku zote alitamani baba yake aongee. Jioni ile aliomba anyamaze.

Kesho yake kijiji kilikutana nje ya ofisi. Mwenyekiti, mzee Wilibrodi, hakuwahi hata kumaliza kusalimu.

"Moto umeanzia upande wa boma la Msukuma!" mtu alipaza sauti.

"Si ndiyo desturi yao? Wanachoma wapate majani mabichi!"

Mzee Bundala alisimama, kofia mkononi. "Nichome malisho ya ng'ombe wangu mwenyewe, mwezi wa saba?" aliuliza. "Majani mabichi yatatoka wapi bila mvua? Ng'ombe wale majivu?"

"Basi sema ni nani."

"Simjui."

"Humjui, na ni nyuma ya nyumba yako!"

Watu walisema mengi. Wengine walisema walishauri tangu mwanzo wafugaji wasipokelewe. Mwisho mzee Wilibrodi akainua mkono. Alikuwa mtu wa haki, na alionekana hapendi anachotaka kusema.

"Bundala, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini unawasikia. Watu hawana imani tena. Naona itabidi uhame."

Mzee Bundala aliizungusha kofia yake vidoleni.

"Bondeni tulifukuzwa," alisema. "Hapa nimefika kwa sababu mtoto anasoma. Nikitoka hapa, mwenyekiti, sijui pa kwenda. Nakwambia kweli, sipajui."

Shija alikuwa ameketi nyuma ya wanawake, mkono wa sweta ulioungua ameukunjia ndani. Alimtazama baba yake. Alijua kwamba akikaa kimya watahama, na hakuna atakayejua kamwe. Alijua pia kwamba akisimama, kila mtu atamgeukia. Alisimama.

"Shikamooni," alisema. "Moto niliuwasha mimi."

Baba yake aligeuka polepole.

"Wewe binti?" aliuliza mwenyekiti. "Ulikuwa unachezea kiberiti?"

"Hapana. Nilikusudia."

"Ulikusudia nini?"

"Nilitaka bahari iwe chachu."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, na mkutano wote ukafuata. Mwenyekiti mwenyewe alipata taabu kujizuia. "Bahari? Mwanangu, hapa kwetu bahari iko wapi?"

"Iko Kilwa," Shija alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Dada yangu anafuga chaza huko. Maji yakiwa machachu chaza watakufa, kazi yake itakwisha, atarudi nyumbani. Mimi nakula peke yangu kila siku. Shuleni nakaa peke yangu. Nilitaka arudi tu."

Kicheko kikaisha. Hellena, aliyekuwa amesimama karibu na nyanya yake, aliinamisha kichwa.

Mwalimu Enock akainuka. "Mwenyekiti, kosa ni la Shija. Lakini somo lilikuwa langu. Aliniuliza kama moshi wa huku unafika baharini, nikamwambia unafika. Ni kweli. Ila kengele ililia, sikumaliza, na sikurudi kumaliza."

"Basi maliza," alisema bibi Dominika kutoka kwenye kigoda chake. "Tumeshakaa."

"Namaliza, bibi. Shija, moto wako wa jana haukuichachusha bahari. Kilima kimoja ni kidogo mno. Bahari imeharibiwa na viwanda, magari, meli, makaa ya mawe, misitu inayokatwa na kuchomwa, nchi kubwa zikichangia kuliko ndogo, kwa miaka mingi sana. Wewe umeharibu kilima. Umeharibu malisho ya baba yako na nyasi za bibi." Aliwageukia watu. "Lakini na sisi tusijifiche hapo. Kila anayechoma anasema moto wangu ni mdogo. Hata wenye viwanda wanasema hivyo hivyo wao kwa wao. Huko Kilwa akina mama wanaona maganda yanameguka mkononi, na hakuna anayesema ni mimi. Huyu mtoto angalau amesimama akasema."

Mzee Wilibrodi alifikiri. "Bibi Dominika, nyasi zilizoungua ni zako. Unasemaje?"

Bibi Dominika alikuwa mzee mkavu, mwenye maneno machache na makali. Alimtazama Shija kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Jiko langu litavuja, basi. Limeshavuja kabla ya leo," alisema. "Huyu asifukuzwe. Msimu wa ntumba atakuja kulima na mimi mpaka tumalize. Na wewe Bundala, nina mabua ya mahindi kwenye shamba langu lingine, hayana kazi. Leta ng'ombe wako wayale. Samadi usiibebe, iache pale pale."

"Hata mimi nina mabua," alisema mtu mwingine, mmoja wa wale waliosema wafugaji wasipokelewe. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Mkutano ukakubali. Ukaamua pia kwamba tangu siku hiyo hakuna kuwasha moto porini wakati wa kiangazi, awe Mfipa au Msukuma, na kwamba vijana watakata njia za kuzuia moto kuzunguka kilima.

Jioni mzee Bundala alipanda kichuguu ingawa haikuwa Jumapili. Alipiga simu, akampa Shija. "Mwambie mwenyewe."

Shija alimwambia dada yake yote.

"Uliwaombea wafe?" Minza aliuliza.

"Ndiyo."

"Shija, kwenye kamba hizi si mimi peke yangu. Yupo mjane anasomesha watoto kwa chaza hawa. Yupo mama mmoja mumewe ni mgonjwa. Wangekufa wote, ningerudi nikiwa nalia, mikono mitupu. Ndiye dada uliyemtaka?"

Minza alipenga kamasi, kisha akacheka kidogo ndani ya machozi. "Halafu huna hata bahati. Tumeshaanza kupanda mwani katikati ya kamba. Wanasema mwani unaivuta ile hewa kwenye maji, uchachu unapungua pale pale ulipo. Hautatibu bahari nzima. Ni kama kibanda cha ndama wakati wa baridi. Baridi ya nje ipo, lakini ndama anapona. Tunajaribu, mdogo wangu. Usituombee mabaya."

Walipokata simu mzee Bundala hakushuka. Alikaa pale juu ya kichuguu, mikono magotini.

"Mtu anayetaka ng'ombe wa mwenzake wafe," alisema, "kwetu anaitwaje?"

Shija alijua. Ilimchukua muda kulitamka. "Mchawi."

"Naam." Baba yake aliitia simu mfukoni. "Wewe si mchawi. Wewe ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Hilo ni langu. Lakini lako nalo ulijue. Niliidharau mifugo ya dada yako kwa sababu haina kwato. Nilikosea. Anaiamkia asubuhi, ikiumwa hana usingizi, inamlisha. Basi ni mifugo. Umeelewa? Ulitaka kumfilisi dada yako."

"Nimeelewa, baba."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa siku moja. Chakula kilipoiva hakwenda nje. Aliingia jikoni, akainama ili asigonge kichwa, akatafuta pa kukaa katikati ya vyungu kama mgeni. Wakala sahani moja. Hawakuongea sana. Alisema tu kwamba moshi wa jikoni ni mkali na dirisha linahitaji kupanuliwa.

Miezi ikapita. Ng'ombe walikula mabua, wakakonda, hawakufa. Mvua zikaja, kilima kikaota nyasi upya. Shuleni Hellena alianza kukaa na Shija karibu na bomba la maji. Haikuwa kila siku. Siku nyingine alikuwa na rafiki zake wa zamani, na Shija akakaa peke yake tena. Alijifunza maneno kadhaa ya Kifipa, na Timoth akamcheka anavyoyatamka. Lakini sasa alicheka mbele yake, si nyuma yake, na hiyo ni tofauti.

Mwezi wa tatu bibi Dominika alituma ujumbe kwamba udongo umekuwa laini. Shija alikwenda kila Jumamosi na jembe la baba yake. Kazi ilikuwa ngumu. Unakata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, unaligeuza nyasi ziangalie chini, unaweka jingine juu yake, mpaka tuta linapanda na nyasi zote zimefunikwa.

"Msukuma, hilo ni jembe, si fimbo ya ng'ombe!" Hellena alimtania.

"Njoo kwetu ukamue, upigwe teke, ndipo tutacheka vizuri."

Jumamosi ya mwisho Shija alilima bila kusema neno. Bibi Dominika alimwacha kwa muda, kisha akasimamisha jembe lake.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Ni dada. Alipiga simu jana. Chaza wadogo waliowekwa kwenye mwani wameshika, maganda yamekuwa magumu kiasi. Kikundi hakivunjiki." Shija alifuta uso kwa kiwiko. "Kwa hiyo harudi. Mwaka huu wala mwakani. Nilimwambia nimefurahi. Nimefurahi kweli. Lakini naumia pia."

Bibi Dominika alikaa juu ya tuta. Hakumbembeleza. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mimi nina watoto wanne hai," alisema. "Mmoja Mbeya, wawili Dar es Salaam, mmoja yuko Tunduma kwenye malori. Mama yake Hellena ni mmoja wa hao wa Dar. Unafikiri sijawahi kutamani kazi zao ziharibike? Zikiharibika wote watarudi, mwezi mmoja hauishi. Nyumba itajaa. Halafu? Nitakuwa na nyumba iliyojaa watu wenye njaa, wananitazama. Kumkosa mtu si dhambi, binti. Unaumia, na utaendelea kuumia, sikudanganyi. Dhambi ni kutaka mwenzako apoteze riziki ili wewe upate wa kukaa naye. Na hiyo bahari mimi sijawahi kuiona, sitaiona. Lakini nimeshajua kuna watu wanakula kutoka humo, na moshi wangu unawafikia. Nikishajua, sina tena ruhusa ya kusema sikujua. Na wewe huna."

"Sina, bibi."

"Basi futa pua. Mvua inarudi mchana, na mistari bado mitatu. Hellena, usimkimbie mwenzio."

"Si mimi ninayekimbia, bibi, ni yeye anatambaa!"

Shija alinyanyua jembe. Alikata bonge la udongo, akalipindua, nyasi zikaenda chini. Hellena alikuwa mbele yake kwa tuta moja. Akaongeza mwendo.